Volkswagen ya marehemu baba: nikeli na vioo ving'olewe kabla ya rangi, au vifunikwe?

"Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 niliyoachiwa na marehemu baba, iko Tanga. Sasa ni nyekundu iliyopauka, lakini nilipofunua ukingo wa mpira wa kioo cha nyuma niliona rangi nyeupe chini yake, na kwenye buti la mbele kuna stika imeandikwa L90D. Nataka irudi ilivyokuwa. Fundi mmoja anasema atafunika vioo, mipira na nikeli kwa magazeti na maskingi tepu, apige rangi, na baada ya siku tatu nichukue gari. Mwingine anasema lazima kung'oa kila kitu na kukwangua mpaka bati tupu, kazi ya miezi. Gari la binamu yangu lilipigwa rangi kwa haraka. Masika moja tu, rangi ikaanza kuvimba kuzunguka vioo, na nikeli za ubavuni hazikurudi kwa sababu matundu yake yalizibwa na puti. Nani yuko sahihi? Na nikishapiga rangi, vioo na nikeli vinarudishwa lini? Nimeambiwa nilianike gari juani kutwa nzima ili rangi iive kwanza."

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona bei siyo inayokusumbua sana. Unaogopa kwamba utatoa fedha, gari litang'aa siku ya kulichukua, halafu masika ijayo litakuwa kama la binamu yako. Una haki ya kuogopa. Magari ya namna hiyo nimeletewa mengi, na mengine, nikiri mapema, niliyaharibu mwenyewe nilipokuwa kijana.

Mafundi wako wawili kila mmoja ana nusu ya ukweli. Wa kwanza anajua kwamba si kila rangi ya zamani lazima iondoke. Wa pili anajua kwamba vioo na nikeli, ile mikanda inayong'aa ubavuni na kuzunguka vioo, lazima vitoke. Chukua nusu ya kila mmoja na utakuwa na kazi nzuri. Ila ningekuwa nakaa Tanga na kulazimika kuchagua mmoja wao bila kubadilisha neno, ningekwenda na wa pili.

Nianze na sababu ya rangi kuvimba, maana ukiielewa hiyo utaweza kumsimamia fundi yeyote bila mimi.

Katikati ya mlango, rangi inaweza kukaa miaka ishirini hata kama aliyeipiga ni mwanafunzi. Pale msasa unafika vizuri, na maji ya mvua yanateleza yakaenda zao. Rangi hufia pembezoni: kwenye ukingo wa mpira wa kioo, chini ya mkanda wa nikeli, kwenye tundu la bolti, pale madigadi, yale mabawa yanayofunika magurudumu, yanapokutana na bodi. Fundi akibandika tepu juu ya mpira wa kioo, msasa wake unaishia milimita mbili tatu kabla ya mpira. Kijistari hicho kina vumbi, kina nta ya polishi ya miaka hamsini, na kina silikoni ya wale wanaopaka mipira ing'ae. Rangi mpya inapita juu yake, inapanda kidogo kwenye mpira wenyewe, inakauka. Tepu ikivutwa, ukingo unabaki umechanika kama karatasi. Gari likipita kwenye shimo mpira unacheza, ukingo ule unafunguka upana wa unywele, na maji yanajivuta kuingia kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Huko chini yanakuta kutu iliyoanza zamani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaisukuma rangi juu. Huo ndio uvimbe uliouona kwa binamu yako. Wala usimlaumu aliyeuza rangi, kwa sababu hata rangi ya bei mbaya kuliko zote ingefanya vivyo hivyo.

Kwa mtu wa pwani kuna jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni maji ya kupigia msasa. Gereji nyingi hutumia maji ya kisima, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Maji yakikauka juu ya prima, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, chumvi inabaki, huioni. Rangi si kioo: mvuke wa maji hupenya taratibu, na chumvi iliyo chini huuvuta na kuukusanya. Baada ya miezi unaona vipele vidogo vidogo vimetapakaa kwenye boneti, kama ngozi yenye harara. Jasho la kiganja linafanya vilevile, na ndiyo maana utakuta gari lina vipele vyenye umbo la vidole vinne pale ambapo mtu aliegemea kabla ya rangi. Dawa yake ni rahisi. Msasa wa maji umalizie kwa kusuuza na maji ya mvua au maji safi ya kunywa, kausha kwa upepo wa kompresa, futa kwa dawa ya kuondolea mafuta ukitumia kitambaa safi, na kuanzia hapo asiguse mtu bila glavu. Na gari lililopigwa prima lisilale nje. Prima ya kujazia na puti hunyonya maji kama sponji. Ukipiga rangi juu yake kabla hayajatoka, umeyafungia ndani.

Sasa, je, ni lazima kufika bati tupu? Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tina, yale maji ya kuyeyushia rangi, kisugue juu ya rangi nyekundu mahali pasipoonekana, tuseme ndani ya ukingo wa boneti. Wekundu ukihamia kwenye kitambaa, hiyo ni rangi ya selulosi, ambayo hukauka kwa tina kuruka tu na huyeyuka tena ikikutana na tina nyingine. Mimi rangi hiyo huiondoa yote, kwa sababu rangi mpya huilainisha ile ya chini, na baada ya muda alama za msasa zinajitokeza juu. Kitambaa kikibaki cheupe, una rangi iliyogandishwa na hadena, ile dawa inayochanganywa na rangi ili igande, au iliyookwa. Hiyo inaweza kubaki mahali inaposhika vizuri.

Ile nyeupe ya chini iangalie kwa heshima zaidi. Kiwandani iliokwa kwenye tanuri juu ya bati lililosafishwa kwa dawa, na hakuna gereji ya mtaani itakayopata mshiko wa namna ile. Ukikwaruza kwa ncha ya kisu na isibanduke, na pembeni yake hakuna kutu, hiyo ndiyo prima bora kuliko utakayonunua. Ipige msasa, usiifikishe batini. Kukwangua gari zima kwa mara moja Tanga kuna hatari yake pia: bati tupu kwenye hewa ya bahari hushika wekundu wa kutu kwa saa chache. Anayekwangua akwangue kipande anachoweza kukipiga prima ya epoksi siku hiyohiyo. Nimeona gari limekwanguliwa lote Jumatatu, prima ikaja Ijumaa. Mwenye gari alifurahi sana kuona bati linang'aa kwenye picha.

Kabla ya yote hayo, inua siti ya nyuma. Betri ya Beetle inakaa hapo chini, upande wa kulia, na asidi yake imekula sakafu ya magari mengi kuliko ajali. Kisha piga magoti, gonga kwa mpini wa bisibisi yale mabomba mawili ya bati yanayopita chini ya milango, yanayobeba hewa ya hita. Watu hapa kwetu hawaihitaji hita, kwa hiyo huyasahau, lakini yale ndiyo uti wa mgongo wa bodi. Mlio ukiwa mkavu, sawa. Bisibisi ikizama au ukisikia vumbi linamwagika ndani, rangi isubiri. Angalia pia pembe za chini za kioo cha mbele, chini ya vioo vya ubavuni vya nyuma, na shimo la gurudumu la akiba. Gari la aina hii lilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad, kwa hiyo watu hudhani halina kinacholiua. Matope hayaliui, ni kweli. Linauawa na maji yaliyotuama.

Tuje kwenye kung'oa. Madigadi yote manne yanashikwa na bolti, na hiyo ni neema ambayo wenye magari mengine hawana. Kati ya digadi na bodi kuna ule mkanda mwembamba wa plastiki. Akipiga rangi madigadi yakiwa yamefungwa, rangi itaunganisha digadi, mkanda na bodi kuwa kitu kimoja, na itapasuka hapo ndani ya wiki. Bolti utazikuta zimekwama. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu siku tatu mfululizo kabla ya kuzigusa kwa spana namba 13. Nati zake zimechomelewa ndani ya bodi, na ukilazimisha nati inazunguka yenyewe, ukawa umejitafutia kazi ya kuchomelea. Zikitoka salama, pitisha kifaa cha chuma cha kuchongea uzi wa bolti cha milimita 8 kwenye kila nati, na bolti mpya uzirudishe na grisi kidogo.

Nikeli za ubavuni, kwanza, si nikeli. Tumezoea kuziita hivyo, na mimi nitaendelea kuziita hivyo, lakini ni alumini iliyotiwa ngozi ngumu kwa umeme kiwandani. Bampa, ringi za taa na vifuniko vya magurudumu ndivyo chuma chenye kromu. Tofauti hii ina maana kubwa kwako. Fundi atakayezichukua nikeli akazisugua kwa kompaundi kali ataitoboa ile ngozi, zitang'aa kama kioo mwezi mmoja, kisha hewa ya bahari itazifanya kijivu chenye unga. Kama ngozi bado nzima, zioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, basi. Kama imekwisha kuharibika, wapo wanaoiondoa kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, wakapiga polishi na kuzipaka nta kila baada ya miezi michache. Inawezekana, ila ni kazi ya mtu anayejua, mwenye glavu na miwani. Ukichelewa kuitoa kwenye kostiki, alumini yenyewe inaliwa.

Vipande vya ubavuni na boneti ni 7: kimoja cha katikati ya boneti, viwili vya mbele ya milango, viwili vya milango, viwili vya nyuma. Vya vikanyagio ni vingine viwili. Kila kipande kimeshikwa na klipu ndogo zilizoingia kwenye matundu ya bodi. Usishike ncha moja ukavuta. Alumini ile ni nyembamba, ikikunjika mara moja haisahau, hata ukiinyoosha jua litauonyesha mkunjo. Tafuta kipande cha plastiki au mti mgumu kilichochongwa kama kabari, kizungushie tepu, ingia karibu na klipu ya kwanza, inua kidogo tu, nenda klipu ya pili, hivyohivyo mpaka mwisho, kisha urudi. Nyuma ya kila kipande bandika tepu uandike kilipotoka. Vya kushoto na kulia vinafanana mpaka siku ya kuvirudisha.

Matundu ya binamu yako hayajapotea. Aliyeyaziba kwa puti ameyafunika upande mmoja tu. Fungua ubao wa ndani wa mlango, mulika kwa tochi: utaona vidoa vya puti vimejitokeza kwa ndani. Kwa boneti ni rahisi zaidi. Upande ambao umechomelewa kabisa, chukua tepu pana, bandika kwenye upande wenye matundu mazima, toboa alama, kisha igeuze kama kioo upande wa pili ukipimia kutoka ukingo wa mlango. Mwambie ayafungue kabla ya rangi. Tundu lililotobolewa baada ya rangi lina ukingo wa chuma kitupu, na kutu itaanzia hapo.

Kuna hatua moja ambayo fundi wa siku tatu hawezi kuwa nayo, nami ningekulipia mwenyewe kama ningekuwa karibu: funga gari zima kwa majaribio likiwa na prima. Rudisha madigadi, milango, boneti, bampa. Weka nikeli na klipu mpya. Weka mpira wa boneti, kisha ufunge. Vipuri vipya vinavyouzwa leo havilingani sawasawa na vya zamani. Digadi jipya linaweza kutaka tundu lisogezwe milimita tatu, mpira mpya wa mlango unaweza kuwa mnene na kuusukuma mlango nje. Haya yote uyajue wakati kinachoharibika ni prima, ambayo unaipiga msasa ukaendelea. Ukiyajua baada ya rangi, kila tofali unaloligusa linaangusha ukuta.

Kuhusu rangi yenyewe. L90D ni ile nyeupe ambayo Wajerumani waliiita Pastellweiß, na umebahatika kwamba stika imebaki. Si nyeupe ya friji. Ina ujivu na umanjano mdogo ndani yake. Ukienda kwa mchanganyaji ukasema "nyeupe" tu, atakupa ya friji, na gari litaonekana kama limevaa shati la mtu mwingine. Mpe namba, na ukitaka uhakika chukua kitu kidogo ambacho bado kina rangi ya kwanza ambayo jua halijaifikia, umpelekee mchana akalinganishe nje, si chini ya taa ya duka. Rangi ya awali haikuwa na klia juu yake, yaani ile vanishi angavu ya kung'arisha, iling'aa yenyewe. Wengi watakushauri uweke klia kwa sababu ndiyo waliyozoea. Kwa rangi nyeupe isiyo na chembechembe, ningepiga rangi ya hadena ya hatua moja. Inafanana zaidi na ya kiwandani, na siku mtu akiikwaruza sokoni utaisugua kwa polishi bila kuogopa kutoboa klia.

Selulosi ni rahisi na inasamehe makosa, lakini kwa Tanga siipendekezi. Tina inaporuka hulipoza bati, na kwenye hewa nzito ya pwani unyevu unatua juu ya rangi mbichi, ikapauka kama majivu. Rangi ya hadena nayo haipendi unyevu, ila inasumbua kidogo zaidi wakati wa kuipiga na kidogo sana baadaye. Vyovyote vile usipige rangi mvua ya masika ikinyesha. Subiri kipindi kikavu, anza asubuhi jua likishakausha umande.

Hadena, hata hivyo, ina hatari ambayo lazima niiseme bila kupamba. Ina kemikali iitwayo isosianati. Mvuke wake na matone yake huingia mapafuni, na mtu anaweza kupata pumu ambayo haitamwacha. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu. Anayepiga anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje, na asiye nayo asipige. Usifanyie kazi hiyo uani nyumbani ambako watoto wanacheza. Na rangi ya miaka hiyo, hasa nyekundu na njano, yaweza kuwa na madini ya risasi: isugue kwa maji, usiipeperushe vumbi, na maji yake yasiende kwenye bustani ya mchicha.

Sasa la jua. Aliyekuambia ulianike amechanganya mambo mawili. Joto husaidia hadena kuganda, ni kweli. Kwenye tanuri la gereji kubwa, nusu saa hivi kwa nyuzi 60 hufanya kazi ya siku nyingi. Lakini tanuri lile hupandishwa joto taratibu, baada ya tina kupewa muda wa kutoka. Jua la saa saba Tanga halina subira hiyo. Linakausha ngozi ya juu kwanza, tina iliyobaki chini inatafuta njia, inatoboa, na unabaki na vitundu kama vya chapati. Gari likae kivulini, mahali penye hewa, siku mbili tatu za kwanza. Baada ya hapo jua la asubuhi ni rafiki.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilirudisha nikeli siku ya pili, kwa sababu mwenye gari alikuwa na harusi Jumamosi. Rangi ilikuwa kavu kwa kidole, nikajidanganya. Wiki mbili baadaye alirudi. Kingo za nikeli zilikuwa zimezama kwenye rangi kama uzi kwenye ugali wa moto, na tulipozitoa rangi ilibaki na alama chini yake kutoka taa hadi taa. Nilirudia ubavu mzima kwa fedha zangu. Tangu hapo nasema hivi: kwa joto la pwani, bila tanuri, vitu vinavyokandamiza rangi visirudi kabla ya wiki moja, na vioo ningevipa wiki mbili. Nta na polishi za kulinda zisubiri mwezi, maana rangi bado inapumua.

Kurudisha kunaanzia ndani kwenda nje. Angalia kwanza kitambaa cha dari. Kwenye Beetle kingo zake zimekunjwa na kugundishwa kwenye mdomo wa bati la kioo, chini ya mpira. Ulipotoa vioo kimelegea. Kama kimechoka, kibadilishwe sasa, kwa sababu baadaye itabidi vioo vitoke tena. Kisha vioo. Nunua mipira mipya. Ya zamani imekauka, na kuirudisha kwenye rangi mpya ni kurudi palepale tulipoanzia. Hakikisha ni ile yenye mfereji wa nikeli, kwa sababu ipo ya aina nyingine isiyo nao, na kwa macho ya dukani zinafanana.

Hapa ndipo wengi hukosea: nikeli ya kioo inaingia kwenye mpira kioo kikiwa bado mezani. Vaa mpira kwenye kioo, ingiza nikeli kwenye mfereji wake, funika maungio, ndipo uende kwenye gari. Ukitanguliza kioo garini, nikeli ile utaipinda na hutaiingiza. Baada ya hapo zungusha kamba ya nailoni ya unene wa milimita nne au tano ndani ya mfereji unaoshika bati, ncha zikutane chini katikati na zipishane. Paka maji ya sabuni. Usipake mafuta wala grisi, yanaivimbisha mpira. Mmoja asimame nje akikandamiza kwa viganja, mwingine akae ndani avute kamba polepole, na mdomo wa mpira utajipandisha wenyewe juu ya bati. Kikigoma, kitoe uanze upya. Usikipige ngumi. Kioo cha mbele cha tabaka mbili hupasuka kwa hasira ya fundi kuliko kwa kitu kingine.

Madigadi yarudi bolti zikiwa zimelegea zote, mkanda wa plastiki uingizwe kutoka chini ili mianya yake ikalie kila bolti, kisha kaza moja moja kwa kuzunguka, ukiusukuma mkanda usijikunje. Nikeli za ubavuni ni za mwisho kabisa. Kila tundu lipake tone la nta ya kuzuia kutu kabla ya klipu. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, mmoja humla mwenzake, kwa hiyo klipu za chuma ziwe na kikombe chake cha plastiki, au tumia za plastiki tupu. Kisha ingiza ukingo wa juu wa nikeli, kandamiza wa chini kwa kiganja juu ya kila klipu. Ukisikia mlio mdogo, imekaa. Ukikosa mlio, usigonge kwa nyundo. Klipu imekaa upande.

Mambo mawili yanataka mtu wa kuliona gari kwa macho, si barua. Kama mabomba ya chini ya milango yameoza, tafuta mchomeleaji aliyewahi kuzifanya Beetle, na milango iwe imefungwa mahali pake wakati anachomelea. Akikata bomba milango ikiwa imetolewa bodi inaweza kulegea, na milango haitafunga sawa tena. La pili ni kama rangi ya sasa ina vipele kila mahali, juu na chini, hata kwenye paa. Hapo tatizo haliko pembezoni tena, na yule fundi wako wa pili ana haki ya kudai bati tupu.

Na hiyo stika ya L90D ipige picha leo, uibandikie plastiki na tepu kabla gari halijaingia gereji yoyote. Vijana wa msasa hawasomi stika.